Mwavuli wa Kiangazi

Hakuna aliyenilazimisha kuiandika barua ile. Watu wakisikia habari hii hupenda kunisaidia. Husema zama zile zilikuwa hivyo, katibu wa kijiji alikuwa mtu wa kutumwa tu. Si kweli. Muhuri ulikaa mfukoni mwangu, si mwa mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe hakujua kusoma vizuri. Ningesema siandiki, pale ofisini hapakuwa na mtu mwingine wa kuandika. Niliandika kwa mwandiko wangu wa sekondari, mistari imenyooka, kwamba mwanakijiji huyu ni mzima wa afya, na kwamba ugonjwa anaodai kuwa nao humjia siku za kazi ya kijiji tu. Nikapiga muhuri. Mfuko wa koti uliohifadhi muhuri huo alikuwa ameushona mwanakijiji huyo huyo.

Nitamwita Fundi. Jina lake lipo, na watoto wake wanalitumia, ila mimi sioni kama nina haki nalo. Kuanzia kijijini kwetu mpaka Mgwashi, ukisema unakwenda kwa Fundi hakuna aliyeuliza fundi yupi, ingawa waashi na maseremala walikuwapo. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa mume wa dada yangu. Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Sare zangu zote za sekondari, kaptula mbili na mashati matatu, zilitoka kwenye mguu wa Fundi. Nasema mguu kwa sababu cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mlio wake ulikuwa sawasawa hata dada akiwa jikoni alijua amefika kwenye pindo au kwenye kwapa.

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja. Hata kama amekushonea miaka kumi, hakukubali vipimo vya zamani. Alikusimamisha barazani, akakuzungushia utepe kifuani, mabegani, kiunoni, kana kwamba hajawahi kukuona.

"Fundi, vipimo vyangu si unavyo?" mtu alimuuliza.

"Ninavyo vya mtu wa mwaka jana. Huyo hayupo tena."

Nilikuwa nikicheka. Sikujua kwamba siku moja kijiji kizima kingempima yeye mara moja tu, asubuhi moja, na vipimo hivyo vingemkaa mpaka kaburini.

Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi. Mwenyekiti alipoleta suruali itanuliwe kiuno mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, Fundi aliinyoosha juani, akaitazama, akasema mbele ya wanawake waliokuwa wakisubiri nguo za sikukuu, "Mwenyekiti, naona shamba la pamoja limeota kwako peke yako." Wanawake walicheka mpaka wakaketi chini. Mwenyekiti naye alicheka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, na niliona kwamba macho yake hayakucheka.

Alikuwa mpole na alikuwa na majivuno; vyote viwili vilikaa ndani yake bila kugombana. Sanda ya maiti alikata bila malipo, hata ya mtu aliyemtukana. Kifungo kikilegea kwenye shati la mtu alikishona papo hapo, mwenye shati akiwa ndani. Lakini yeye mwenyewe, kutoka mwaka fulani, aliacha kabisa mashati ya vifungo. Alivaa kanzu kazini na nyumbani, ya kuingiza kichwani. Tulidhani ni uchaji wa Mungu umemzidi. Dada aliniambia baadaye sana, wakati bado akizungumza nami, kwamba vidole vilikuwa vimekufa ganzi, vifungo vimemshinda, na hakutaka mke amfunge kama mtoto.

Ugonjwa ulianzia jichoni. Ilikuwa mwaka mmoja hivi baada ya Uhuru. Alishona gauni la bibi harusi, kitambaa chekundu, na pindo lote akalipiga uzi wa rangi ya matofali. Mama wa bibi harusi alikuja juu. Fundi alishika gauni, akafumba jicho moja, akafungua, akafumba la pili. Akasema polepole, "Huku ni jekundu. Huku si jekundu." Mama yule alifikiri anamfanyia mzaha, akachukua gauni lake akaondoka. Kwa wiki kadhaa jicho la kushoto lilimuuma kila alipoligeuza, na aliona kama anatazama kupitia moshi wa kuni mbichi. Kisha moshi ukaondoka. Akapona, tukasahau. Hata yeye alisahau.

Ndivyo ulivyokuwa ugonjwa wenyewe, na hapo ndipo ulipotushinda sote. Malaria tunaijua, inakuja na homa na mtu analala. Kifua kikuu tunakijua, mtu anakonda mbele ya macho yako. Huu ulikuja, ukakaa mwezi, ukaondoka. Ukarudi baada ya mwaka mahali pengine: mguu wa kulia, kisha mikono, kisha mkojo usiomngojea mtu afike chooni. Kila ulipoondoka uliacha kidogo, kama mgeni anayesahau kila mara kitu kimoja ndani ya nyumba, mpaka nyumba ikajaa vitu vyake.

Akiinamisha shingo kutazama sindano, kitu kama umeme kilimshuka mgongoni mpaka miguuni. Hayo alimwambia dada tu. Kwa wateja alianza kushona akiwa ameinua kidevu, akitazama kazi kwa chini ya kope, na watu wakasema Fundi siku hizi ana maringo. Msikitini alihama kutoka safu ya mbele hadi ya nyuma, karibu na nguzo. Wakati wa kutawadha, akifumba macho kujimwagia maji usoni, alipepesuka akaanguka. Alianguka hivyo mbele ya watu mara mbili. Mara ya pili nilisikia kijana mmoja akisema kwa sauti ya chini kwamba boha imeanza kuuzwa mpaka mlangoni mwa msikiti. Boha ni pombe yetu ya miwa. Fundi hakuwahi kuionja. Nilisikia neno lile, na nilikuwa shemeji yake, na nikaendelea kuosha miguu yangu.

Hakutaka fimbo. Fimbo ni ya wazee, alisema, na yeye hakuwa na mvi hata moja. Badala yake alinunua mwavuli mweusi kwenye gulio, akawa anatembea nao siku zote, mvua ikinyesha au isiponyesha. Januari, mbingu nyeupe, vumbi barabarani, Fundi na mwavuli. Watoto walimwimbia wakimwita Mwavuli wa Kiangazi. Yeye aliwapungia kwa mkono ule mwingine. Nami nilidhani ni kituko chake kimoja zaidi, mpaka siku nilipoangalia ncha ya mwavuli ule nikaona imelika yote, kama jembe la zamani.

Jambo ambalo hakuna aliyelielewa, hata yeye, lilikuwa joto. Siku ya kupiga pasi ndiyo ilikuwa siku yake mbaya. Pasi ya mkaa ikishika moto, na jua likiingia barazani, miguu ilimwacha. Alikuwa na msemo wake: "Jua linanivua miguu." Alisema kama mtu anavyosema jua limenivua koti. Basi akabadili ratiba, akawa anapiga pasi alfajiri, na mchana akikwama alijikokota mpaka kwenye kijito nyuma ya nyumba, akakaa juu ya jiwe, miguu yote miwili ndani ya maji. Baada ya muda alisimama na kurudi kazini. Nilimkuta pale mara nyingi. Mara moja nilimuuliza kama anasubiri samaki.

"Nasubiri miguu," alisema. "Ikija nitakuita."

Kijiji chetu kiko kwenye mgongo wa mlima. Asubuhi ukungu hujaa mpaka saa nne, na mtu akiwa kwenye shamba la juu hulima akiwa amevaa sweta. Lakini mlima ukiisha unashuka nyika, upande ule barabara ya Mombo inapoonekana kama uzi, na kule chini joto ni jingine kabisa. Wazee wetu waliliogopa. Walikuwa na mashamba kule lakini hawakulala. Zilipokuja siasa za ujamaa tulitafuta ardhi ya kutosha kwa shamba la kijiji, na ardhi ya kutosha ilikuwa kule chini tu. Kila kaya ilitoa mtu mzima siku tatu kwa wiki. Mimi nilikuwa na daftari la mahudhurio.

Jina la Fundi likaanza kubaki wazi katika daftari lile. Alikuja siku ya kwanza, akalima mpaka saa tano, akaketi. Siku ya pili akaketi saa nne. Siku ya tatu hakuja. Watu wakaanza kunung'unika, na neno la zama zile la mtu anayekula jasho la wenzake lilikuwa kupe. Likamfuata mpaka barazani kwake.

Halafu ikatokea asubuhi ile. Mwenyekiti alikuwa akipita njia ya juu kwenda mkutanoni Bumbuli, mimi nyuma yake nimebeba mafaili, na katika ukungu tukasikia jembe. Tulisogea. Alikuwa Fundi, kwenye shamba lake mwenyewe la maharage, kanzu ameikunja kiunoni, analima. Analima vizuri, nguvu kama kijana, mistari inakwenda moja kwa moja. Mwavuli ulikuwa umelala chini kando ya mgomba. Hakutuona. Mwenyekiti alimtazama muda mrefu, kisha akanigeukia, akainua vidole viwili akavigusisha kwenye macho yake na kisha kwenye yangu, kwamba tumeona sote wawili.

Kweli tuliona. Sikusema uongo katika barua ile, na ndiyo sababu ilikuwa mbaya zaidi. Kila nilichoandika nilikuwa nimekiona.

Karibu na wakati huo dada alimpeleka kwenye hospitali moja ya misheni, siku nzima njiani. Walipokewa na daktari Mzungu, mwanamke mtu mzima. Alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, akamkwaruza nyayo kwa ufunguo, akamwambia afumbe macho asimame, akamdaka alipoanguka. Akamulika macho yake kwa tochi. Akamwinamisha shingo, na Fundi alipopiga ukelele, daktari akaandika kitu. Dada alisema ndiyo mara ya kwanza mtu kuuliza kuhusu shingo. Daktari akawaambia kwamba anadhani ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unaokuja na kuondoka, lakini hana uhakika, na uhakika utapatikana hospitali kubwa Dar es Salaam, ambako yuko daktari anayemjua atakayempima maji ya uti wa mgongo. Aliandika barua, akaweka tarehe. Alisema yeye mwenyewe anarudi kwao baada ya masika, kwa hiyo tarehe ile isipite.

Wakati ule mtu wa kijijini hakwenda mjini hivi hivi, hasa msimu wa kilimo. Akikutwa kule bila barua ya kijiji chake angehesabiwa mzururaji na kurudishwa. Fundi alikuja ofisini na barua ya daktari, akiegemea mwavuli, akaomba barua ya kumtambulisha. Alisimama mbele ya mwenyekiti na wajumbe wa kijiji, hatukumpa kiti. Mimi ndiye niliyemsomea mwenyekiti barua ya daktari, nikaitafsiri, nikafika pale panaposema ugonjwa huja na kuondoka.

Mwenyekiti akaegemea kiti. "Katibu, rudia hapo."

Nikarudia.

"Ugonjwa gani unaochukua likizo?"

Wajumbe walicheka. Fundi naye alitabasamu, maana alijua utani mzuri ukipigwa. Kisha akasema, "Mwenyekiti, mimi mwenyewe sielewi. Ndiyo maana nataka kwenda kwa wanaoelewa."

"Tutakupa barua. Kwanza malizia siku zako za shamba. Ziko ngapi, Katibu?"

Nikafungua daftari. Zilikuwa kumi na nane. Kwa siku tatu kila wiki, tarehe ya daktari ingepita akiwa bado nyika. Nilifanya hesabu hiyo kichwani, nikiwa nimeinama, nikasema, "Kumi na nane."

Fundi alinitazama mimi, si mwenyekiti. "Shemeji," alisema, "wewe umenikuta mtoni."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ningesema ndiyo, nimemkuta mtoni mara nyingi, ameketi na miguu ndani ya maji, akisubiri irudi. Lakini niliposikia neno shemeji mbele ya wajumbe niliona macho yote yananigeukia. Nilikuwa nikitarajia kuitwa Lushoto, ofisi ya wilaya, na kosa kubwa la katibu lilikuwa kupendelea ndugu. Nikajibu kwamba hapa hakuna shemeji, hapa kuna kijiji. Mwenyekiti akasema vema sana, sasa liandikwe kabisa, lisije likaulizwa baadaye. Fundi alipotoka, nikaandika ile barua niliyoitaja mwanzo. Nakala ilikwenda hospitali ya misheni, moja wilayani, moja akapelekewa Fundi, moja ikabaki kwenye faili.

Fundi alishuka nyika. Alitaka kuzimaliza siku zake upesi, akaomba ashuke kila siku, hata siku zisizo zetu. Siku ya nne, saa sita mchana, alianguka katikati ya mahindi. Nilikuwapo na daftari langu. Alikuwa na akili zake timamu, anazungumza, ila miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine, na maneno yalimtoka mazito kama ya mlevi. Kanzu ililowa mbele. Wanawake waligeuza nyuso zao pembeni. Wanaume wakakata miti, wakafunga machela, wakampandisha kwa zamu, wakilalamika njia nzima.

Tulifika juu jioni, ukungu ukirudi. Machela iliwekwa chini uwanjani, watu wamejaa. Dada alileta maji ya baridi akamwagia kichwani na miguuni. Na mbele ya watu wote wale, baada ya muda usiozidi wa kunywa chai, Fundi akajisogeza, akaushika mwavuli, akasimama.

Ningependa anayesoma haya afikirie furaha ambayo ingekuwapo mahali pengine. Kwetu palipita mguno. "Mmeona?" akasema mwenyekiti. "Kafika kwenye baridi kapona." Waliokuwa wamembeba, mabega yamechubuka, waliondoka wakitema mate. Fundi alibaki amesimama pale kama mtu aliyekamatwa anaiba. Nadhani angejua, angebaki chini.

Tangu siku ile hakuna aliyemwamini, na baada ya hapo hakuomba barua tena. Tarehe ikapita, daktari akarudi kwao.

Mimi nimekuja kuelewa miaka mingi baadaye, nikiwa mzee, na aliyenifanya nielewe ni binti yake, mpwa wangu. Naye ulimpata. Alikuwa mwalimu, ana miaka thelathini na kitu. Alikaa na ganzi ya miguu na jicho lenye ukungu karibu mwaka mzima bila kumwambia mtu. Aliponiomba nimsindikize hospitali nilimuuliza kwa nini alificha. Akaniambia, "Mjomba, nilikulia kwenye nyumba ya kupe."

Daktari wake alikuwa kijana, mpole. Alikuwa amempitisha kwenye ile mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha ya ndani ya kichwa, akampima na maji ya uti wa mgongo. Alituonyesha picha: madoa meupe ndani ya ubongo, kama mahali mvua ya mawe ilipoangukia jani la kabichi. Aliandika jina kwenye karatasi, multiple sclerosis, akatueleza bila haraka. Mishipa ya fahamu ina ganda, kama waya wa umeme ulivyo na mpira wake. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inakosea na kulila lile ganda. Likiliwa, habari haifiki: jicho haliambiwi nyekundu, mguu hauambiwi simama. Wakati mwingine ganda linajirekebisha kidogo, mgonjwa anapata nafuu, kisha shambulio jingine linakuja. Hauambukizi. Haukuletwa na uchawi wala dhambi. Kurithi moja kwa moja haurithiwi, ila kwenye familia yenye mmoja uwezekano wa mwingine huongezeka kidogo. Dawa ya kuuondoa hakuna. Zipo za kupunguza mashambulizi, na mapema ni bora. Na yapo mazoezi, kupumzika kabla hujachoka, fimbo bila aibu, na watu wa karibu wanaojua wanachokiona.

Nilimuuliza kuhusu joto. Mpwa wangu alinishika mkono.

"Joto linazidisha dalili, babu," alisema. "Waya ulioliwa ganda ukipata moto hupitisha pungufu kuliko ulivyokuwa unapitisha. Mgonjwa anaweza kushindwa kutembea mchana, ukimpoza akatembea. Wengi hudhani anaigiza."

Nikamuuliza kama joto lile linaweza kumwua mtu, au kumharibu moja kwa moja. Akasema hapana, halili ganda, linapita. Alidhani ananifariji. Kisha nikamuuliza, kama mtu angepelekwa Dar es Salaam miaka ile ya ujamaa, wangemponya? Akasema, kwa kweli, miaka ile hawakuwa na kitu kikubwa cha kumpa. Wangempa jina tu.

Nimelibeba jibu hilo kama jiwe mfukoni. Kuna siku linanipunguzia, kwamba barua yangu haikumnyima miguu. Miguu ingekwenda hata hivyo. Kisha nakumbuka uwanja ule na mguno ule. Jina lingemtosha pale. Karatasi moja ya daktari ingewafanya waliombeba wamwinue tena.

Kumsaidia, alisaidiwa na mtu mmoja tu. Mguu wa Fundi ulipokataa kabisa kukanyaga, dada alileta kigoda akaketi kando yake, akawa anakanyaga yeye huku Fundi akiongoza kitambaa kwa mikono. Mikono nayo ilipoacha kuhisi, dada aliongoza kitambaa, na Fundi akabaki kusema: kata hapa, pinda, legeza. Mlio wa cherehani haukuwa sawasawa tena. Wateja wachache waliobaki walisema nguo ni zile zile.

Lushoto niliitwa, ndiyo. Nilikaa ofisi ya wilaya miaka sita, mezani, na sikumbuki hata barua moja niliyoandika kule. Nilipopunguzwa kazi nikarudi kijijini, ndipo nilipokwenda kumwona Fundi mara ya mwisho. Alikuwa kitandani, kitanda kimesogezwa chini ya dirisha linalotazama ukungu. Dirisha lilikuwa wazi na chumba kilikuwa baridi, ndivyo alivyotaka. Magoti yalikuwa yamekunjika hayanyooki. Mwavuli ulitundikwa ukutani, msumari mmoja.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Katibu."

Nilimwambia mimi si katibu tena. Akasema kwake bado. Alizungumza kwa vipande, akipumzika kati ya neno na neno, lakini ulimi ulikuwa ule ule. Aliniuliza kama lile koti lingali linanitosha. Nikasema limenibana.

"Si nilikwambia. Yule wa mwaka jana hayupo."

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilisema machache: kwamba nilikosea, kwamba ningeweza kumwandikia barua hata sasa, namfahamu mtu wilayani, tungepata gari mpaka Mombo na kutoka hapo basi la Dar es Salaam. Nilikuwa nimekuja na karatasi kabisa. Aliniacha nimalize.

"Ile barua," akasema, "waliisema wao, ukaandika? Au maneno yalikuwa yako?"

Hapo ningeweza kudanganya, na mwenyekiti alikwisha kufa. Nikasema maneno yalikuwa yangu.

"Nilijua. Mwenyekiti asingeweza kusema 'anaodai.'" Akapumzika. "Rudi na karatasi yako, Katibu. Nilitaka kwenda kuujua ugonjwa wakati nina miguu ya kunipeleka. Sasa ninaujua. Tunalala pamoja."

Dada alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Mpaka siku ile alikuwa akiamini mwenyekiti ndiye aliyetamka na mimi niliinama tu nikaandika. Alikuwa amenisamehe kwa hilo, alinipikia bada, ugali wetu wa muhogo, kila nilipopita. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi. Kisha akapita katikati yetu, akachukua kikombe changu cha chai kabla sijamaliza, akatoka nacho.

Fundi alifariki mwaka ule ule. Dada aliishi miaka ishirini na miwili zaidi, nyumba yake na yangu zikitenganishwa na bonde moja dogo, na katika miaka hiyo hakusema nami neno. Kwetu, mwanamke akifa, ndugu yake wa kiume ndiye anayeshuka kaburini kumpokea. Ndugu yake wa kiume nilikuwa mimi peke yangu. Nilifika nimeshatawadha. Mpwa wangu yule mwalimu alinisogeza kando, akaniambia taratibu kwamba mama ameacha wasia nisimpokee mimi. Wakashuka wanawe wawili na jirani mmoja, na mimi nikasimama nyuma ya watu, juani, mpaka udongo ukaisha. Barua ile ilinigharimu dada yangu, aliyenilea.